Kiti cha Ugenini

Magunia mawili ya jezi yalifika nyumbani kwa dobi Jumatatu asubuhi, kabla maji ya kufulia hayajapata moto. Kwa kawaida yaliletwa na vijana wa tawi la mashabiki, ambao waliyabeba kwa nyimbo hadi mlangoni, wakimtania dobi kwamba jasho la washindi halihitaji sabuni. Safari hii yaliachwa kizingitini na mtu ambaye hakubisha hodi. Dobi alipotoka aliona mgongo tu, ukikata kona ya ukuta wa jirani kama unaofukuzwa.

Hakuhitaji kuuliza. Jana yake timu ya mtaa ilicheza ugenini, katika mji ulio mwendo wa saa nne kwa basi, ikafungwa kwa penalti dakika za nyongeza. Katika jukwaa la wageni watu waling'oa viti. Kimoja kilirushwa kutoka safu za juu, kikamwangukia mwanamke aliyekuwa akifagia makopo chini ya ngazi. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, na kichwa kikashonwa nyuzi kumi na moja. Basi la mashabiki lilipofika langoni, polisi walilipekua, wakamteremsha dereva wake. Dereva huyo alikuwa mdogo wake dobi, wa tumbo moja.

"Hata uwanjani hakuingia," dobi alisema akirudi ndani. "Mdogo wangu hajui hata kuotea ni nini. Wenzake wakienda mpirani yeye hulala chini ya basi, kofia usoni."

Mumewe alikuwa akinywa chai amesimama. Mtaa mzima ulimwita Fundi, naye dobi alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madawati katika shule ya sekondari ya serikali, na likizo ndiyo iliyokuwa msimu wake: madarasa matupu, madawati mia mbili yaliyolegea yakimsubiri.

"Watamwachia," alisema. "Ni maswali tu."

"Maswali gani yanayomlaza mtu mahabusu?"

"Wamekuta spana kwenye sanduku lililo chini ya kiti chake. Wanataka kujua ilitumika wapi."

"Basi lisilo na spana umeliona wapi wewe? Wangekuta biskuti ndiyo ningeshangaa."

Fundi hakucheka. Binti yao wa kidato cha tano, aliyekuwa mezani na daftari lake, naye hakucheka. Kiti alichokalia kilikuwa cha plastiki ya kijani, kimepigiliwa juu ya miguu ya mbao aliyoichonga baba yake, na mgongoni kilikuwa bado na namba ya safu na namba ya kiti. Kilitoka katika uwanja wa mji mwingine, misimu miwili iliyopita.

Tawi lilikuwa na desturi yake. Kila safari ya ugenini ilipaswa kurudi na kiti kimoja. Kibandani kwao vilikuwa vimefika saba, kila kimoja na rangi ya uwanja wake, na wanachama walivikalia kwa kufuata heshima ya mtu. Mashabiki wa timu nyingine walivunja viti vya watu kwa mateke. Wao walijivunia kwamba wana fundi. Fundi alifungua bolti nne bila kuacha mkwaruzo, kiti kikatoka kizima na kupita langoni kikiwa kimefunikwa bendera. Hicho cha kijani alizawadiwa kwa utumishi wake. Siku kilipoingia nyumbani, dobi alikikalia, akajitingisha, akasema kimetulia kuliko vya dukani.

"Nachelewa," Fundi alisema. Akaweka kikombe mezani, nusu yake bado imejaa, akatoka.

Dobi alisikiliza nyayo zake zikipungua uani. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yao, mwanamume yule hakuwahi kuacha chai.

*

"Mama, njoo uone," binti alisema, lakini aliificha simu kifuani hadi mama yake alipojifuta mikono.

Picha ilikuwa imepigwa na mfanyakazi wa uwanja ule, naye alikuwa ameandika chini yake maneno machache ya uchungu: wageni hawa hawakupandwa na hasira, walikuja na vifaa. Ilionyesha safu ya juu ya jukwaa la wageni. Kulia na kushoto viti vilikuwa vimevunjwavunjwa, plastiki ya buluu imeachwa imechongoka kwenye vyuma. Katikati palikuwa na nafasi moja safi, isiyo na hata kipande. Mbele ya nafasi hiyo, juu ya saruji, bolti nne zilikuwa zimesimamishwa kwa mstari ulionyooka, vichwa chini. Kando ya kila bolti palikuwa na washa yake, kile kijisahani cha chuma, na nati imewekwa katikati ya washa kama kikombe juu ya kisahani.

Dobi aliitazama mara moja. Kisha akakaa kwenye gunia la jezi.

Alikuwa ameuona mstari ule mezani kwake Fundi alipofungua redio, sakafuni alipofungua kitanda wakati wa kuhama, dirishani alipofungua kitasa. Mtu mwingine angezitia bolti mfukoni au kuzitupa kando. Fundi hakuweza. Hata nyumba ikiungua, dobi aliwahi kumtania mbele ya mashemeji, huyu atapanga kwanza misumari ya mlango ndipo atoke.

"Inaweza kuwa mtu mwingine," dobi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mafundi wako wengi."

"Wako wengi."

Binti alikuwa anatazama ukuta. Dobi naye akageuka. Spana za Fundi zilining'inia hapo, kila moja kwenye msumari wake, kutoka ndogo kama kijiko cha dawa hadi ile nzito ya mwisho, na juu ya kila msumari namba imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kisha msumari mtupu. Kisha kumi na nne.

Namba kumi na tatu ndiyo iliyofungua viti vya viwanja. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha kijivu, pindo la sketi ya shule ya binti, kwa sababu chuma kilimteleza Fundi mikono ikitoka jasho. Dobi ndiye aliyekishona.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu alfajiri. Picha iliingia kwenye kundi la darasa letu. Wenzangu wanacheka, wanasema mhuni huyu alikuwa na nidhamu." Binti aliinuka kwenye kiti cha kijani polepole, akakivuta mbali na meza. Tangu hapo akasoma amesimama, daftari juu ya kabati.

*

Mwenyekiti wa tawi alifika saa nne. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa tumbo na bashasha, na alipoingia alikaa kwenye kiti cha kijani bila kukaribishwa, kwa kuwa alikiona ni mali ya tawi.

"Shemeji, pole sana kwa mkasa wa yule dereva."

"Yule dereva ni mdogo wangu."

"Ndiyo, ndiyo. Ndugu yetu sote." Alipangusa shingo kwa leso. "Nimekuja kwa mawili. La kwanza, jezi hizi zifuliwe leo leo. Watu wanatafuta picha, wanalinganisha madoa. Na malipo, safari hii tutakuongezea. La pili, kiti hiki. Nitamtuma kijana akichukue. Vile vya kibandani tumeshavihamisha."

"Mbona mnavihamisha? Si vya halali?"

Mwenyekiti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Shemeji, mpira ni mpira. Wao wakija hapa si huwa wanatumwagia maji machafu? Msimu uliopita si walimpasua mpiga tarumbeta wetu mdomo? Ya ugenini tunayaacha ugenini. Ndivyo tunavyoishi."

"Mwanamke ameumia."

"Ameumia, na tutamwombea. Lakini angalia na upande huu." Alishusha sauti, ingawa nyumbani mlikuwa na dobi na binti tu. "Kuna mtu mwenye kazi ya serikali, mwenye binti anayesoma bila kulipiwa karo kwa sababu baba yake ni mtumishi wa shule. Huyo akianguka, nyumba nzima inaanguka. Na kuna mtu ambaye ni dereva tu. Hana mke, hana mtoto. Akikaa miezi michache akatoka, basi la kuendesha hatalikosa. Mimi sijasema kitu. Nasema tuwe watu wazima."

Dobi alielewa. Huyu alikuwa anajua. Pengine tawi zima lilikuwa linajua, na ndiyo maana magunia yaliletwa bila wimbo. Kilichomkera zaidi, baadaye alipokuja kukifikiria, hakikuwa maneno yale kwa ubaya wake, bali kwamba yalikuwa yamepita kichwani mwake yeye mwenyewe nusu saa kabla, karibu kwa mpangilio ule ule.

"Inuka," alimwambia.

"Samahani?"

"Inuka kwenye kiti, baba. Nataka kukifuta."

Mwenyekiti aliinuka. Hakukaribishwa kurudi kukaa, na baada ya kukohoa mara mbili alikumbuka kwamba ameacha duka peke yake. Dobi aliyafunga magunia yote mawili kwa kamba, akamgeukia binti. "Yarudishe kibandani kwao kama yalivyo. Mtu akikuuliza, mwambie sabuni imekwisha."

*

Shuleni, alimkuta Fundi katika darasa la mwisho, katikati ya madawati yaliyopinduliwa miguu juu. Alikuwa amepiga magoti akifungua bolti kwa koleo. Koleo lilikuwa linateleza na kukila kichwa cha bolti, kikiviringika kama pipi iliyonyonywa. Hilo ndilo kosa ambalo Fundi aliwagombeza vijana wa useremala kila mwaka. Aliliita kutafuna chuma.

"Namba kumi na tatu iko wapi?" dobi aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi hakuinua uso. "Nimeisahau mahali."

"Mahali gani?"

Koleo liliteleza tena, likamkwaruza kidole. Akakitazama kile kidole kwa muda, kisha akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea dawati.

"Umeiona picha," alisema.

"Nimeiona."

"Sikumwona yule mama. Naapa sikumwona. Sikutazama chini."

Dobi hakuingia darasani. Alibaki pale mlangoni, mkono juu ya fremu. "Nieleze. Nataka nisikie kwako, si kwa mwenye duka la vipuri."

"Walikuwa wanavunja kwa mateke. Mimi niliona haya kuvunja, wewe unanijua. Nikafungua chetu kama kawaida, cha kurudi nacho. Nilipokiinua, wakakiona kimetoka kizima. Mmoja akasema, Fundi, rusha. Wakaitikia wengine. Jukwaa zima, watu kama mia tatu, wanapiga makofi kwa mdundo mmoja. Fundi, rusha. Fundi, rusha." Alijipangusa kidole kilichokwaruzwa. "Hapa mwalimu mkuu ananiita wewe. Miaka kumi na minne, wewe njoo, wewe beba. Pale watu mia tatu wananiita kwa kazi yangu. Nikarusha. Ni kitu cha kupepesa jicho tu."

"Na spana?"

Fundi aligeuzageuza koleo mkononi.

"Polisi walianza kutupapasa mifukoni mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama karibu na kiti cha dereva. Sanduku lilikuwa wazi, limejaa spana. Nikaitumbukiza. Nilijisemea spana katikati ya spana nani ataitambua? Sikujua mdomoni mwake pana rangi ya buluu. Sikumkusudia shemeji, mke wangu. Nilitaka tu isiwe kwangu."

"Ilikuwa na kitambaa."

"Ilikuwa nacho."

"Basi mdogo wangu ameitambua. Ameiona mikononi mwako mara ngapi? Anajua ni yako, na tangu jana yuko ndani amefunga mdomo." Sauti ya dobi ilikuwa ya chini, na kwa sababu hiyo Fundi alijikunyata. "Unajua kwa nini amefunga? Si kwa ajili yako."

Nje, mwalimu mkuu alipita na kuchungulia. "Wewe, haya madawati yatakwisha leo?"

"Yatakwisha, mwalimu."

Nyayo zilipotokomea, Fundi alisema kwa haraka, kama mtu aliyekuwa ameshayapanga: "Nipe mwezi mmoja. Shule ifunguliwe, binti aandikishwe, hati ya karo isainiwe. Kisha nitakwenda mwenyewe. Nikienda leo kazi imekwisha, na yeye masomo yamekwisha. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria. Njia nzima nimelifikiria." "Na nimefikiria kile kiti cha kijani. Nilikikalia nikacheka. Nikakisifia kwa majirani. Sikuuliza pale kilipotoka nani alikuja kukaa siku ya pili akakuta vyuma vitupu. Kwa hiyo sikuja kukuhukumu. Nimekuja kukwambia kuna basi la saa kumi na mbili kesho asubuhi. Nitalipanda, nitakwenda kusema ninachokijua. Ukitaka kukisema wewe, nitakuachia ukiseme."

Aliondoka. Fundi alibaki na koleo mkononi. Baada ya muda alianza tena, dawati moja baada ya jingine, na alifanya kazi hadi dawati la mwisho liliposimama kwa miguu yake.

*

Asubuhi ya Jumanne dobi alifika kituo cha mabasi akiwa amekibeba kiti cha kijani kichwani, miguu ya mbao imeshang'olewa. Kondakta alimuuliza kama anakwenda na siti yake kwa kutoamini za basi, na abiria wakacheka. Alikiweka magotini, akatazama mlango. Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma ndipo mlango ulipogongwa kwa kiganja, na Fundi akapanda, ndevu zimenyolewa, amevaa shati lake la mikutano ya wazazi. Hakukaa karibu na mkewe. Alikaa nyuma yake, na baada ya mji wa kwanza alinyoosha mkono, akakichukua kile kiti, akakibeba yeye.

Kituo cha polisi kilikuwa jengo la chini lenye rangi iliyobabuka. Ndani palikuwa na kaunta, na mbele ya kaunta viti vitatu vya plastiki vilivyofungwa kwa bolti kwenye chuma kimoja kirefu, mfano wa vile vya viwanjani. Kwenye cha katikati alikaa mwanamke wa makamo aliyepakata mfuko wa nguo. Juu ya mfuko palionekana mkono wa sare ya kufagilia, umekatwa kwa mkasi kuanzia begani.

Sajini wa zamu aliwasikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuandika chochote. Kisha akavua miwani.

"Kila wiki ninao watu wa namna yenu," alisema. "Mama anambebea mwanawe, kaka anambebea mdogo wake. Mwaka jana bibi kizee wa miaka sabini alikuja hapa akakiri kuiba pikipiki. Leo shemeji kwa shemeji. Mzee, nenda nyumbani. Mwenye sanduku tunaye."

"Afande, spana ni yangu."

"Yeye anasema spana zote za basi ni za basi. Hilo tu. Tumemuuliza ya nani hii yenye kitambaa, hasemi. Asiye na hatia husema."

"Si lazima," alisema dobi.

Sajini hakumjali. Alimtazama Fundi kwa uchovu wa mtu aliyedanganywa sana. "Kiti kile kilifunguliwa katikati ya vurugu, watu wanarushiana chupa. Kazi ya dakika mbili. Wewe na mikono yako hiyo inayotetemeka ulifungua bolti nne?"

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka kweli.

"Nipe," alisema.

Pengine sajini alitaka tu kummaliza ili arudi kwenye makaratasi yake. Aliingia chumba cha nyuma, akatoka na mfuko wa plastiki wenye karatasi ya namba, akaitoa spana na kuiweka juu ya kaunta. Rangi ya buluu ilikuwa bado imekwama mdomoni mwake. "Vile pale," alisema, akionyesha viti. "Fungua kimoja, nione."

Mwanamke mwenye mfuko ndiye aliyekuwa karibu. Aliinuka kuwapisha, akasimama ukutani.

Fundi alipiga magoti. Alipoishika spana kwenye kile kitambaa cha kijivu, mikono ilitulia, kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine. Aliingia chini ya kiti cha katikati kwa kupapasa tu, bila kutazama. Robo mzunguko, kisha nusu, kisha kwa vidole. Bolti ya kwanza ikatoka. Akaiweka sakafuni, kichwa chini. Kando yake akaweka washa, na juu ya washa akaweka nati. Ya pili akaiweka usawa na ya kwanza. Ya tatu. Ya nne ilianguka upande, hakuendelea mpaka alipoisimamisha na kuisogeza kwa ncha ya kidole, upana wa punje ya mchele, ili iungane na mstari.

Sajini alitoka nyuma ya kaunta. Alichukua simu yake mfukoni, akaifungua ile picha, akainama akaiweka sakafuni sambamba na bolti. Alitazama huku, akatazama kule. Fundi alipoona anachotazama, aliganda na kiti mkononi. Dobi alijua kwamba mumewe hakuwa amepanga kuonyesha lolote. Alikuwa amefungua kiti tu, kama anavyofungua siku zote.

"Mleteni yule dereva," sajini alisema.

Mdogo wake dobi alitoka akiwa peku, suruali ameishika kiunoni kwa kuwa mkanda walimchukulia. Shavu lilikuwa limevimba. Alimwona dada yake kwanza, akajaribu kutabasamu. Kisha akamwona shemeji yake sakafuni na spana ile mkononi, na tabasamu likafa.

"Shemeji, si ungebaki nyumbani," alisema. "Mimi nilishazoea."

"Siku mbili ndiyo umezoea?" dobi alisema.

"Ulikishona wewe kile kitambaa, dada. Ningesemaje?"

Dobi alimshika usoni, pale palipovimba. Fundi hakuweza kumtazama. Alisema, uso ukielekea sakafuni, "Nilikusukumia mzigo wangu. Nisamehe." Mdogo mtu aliomba tu viatu vyake.

Pale ukutani, mwanamke mwenye mfuko alikuwa ameielewa habari yote. "Ni wewe?" alimuuliza Fundi.

"Ni mimi."

"Dada yangu anafagia pale miaka ishirini. Mkono wa kulia hawezi kuunyanyua. Jana kaniuliza kitu kimoja tu. Kauliza, huyo mtu alikuwa ananijua?"

Fundi alikisugua kitambaa cha spana kwa kidole gumba.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie hakumjua," dobi alisema badala yake, kisha akajisahihisha, kwa sababu hata hilo aliliona jepesi mno. "Mwambie hakutazama."

Mwanamke alilipokea jibu lile kwa kichwa, polepole.

"Rudisha kiti cha serikali," sajini alimwambia Fundi, bila ukali. Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa tayari kimefunguliwa juu ya kaunta, na kando yake kiti cha kijani, kikingoja nacho kuandikwa.

Fundi alikirudisha. Alizitia bolti matunduni moja baada ya nyingine, akazikaza kwa zamu, kwanza kwa vidole, kisha kwa spana, kwa pembe zinazokabiliana, ili chuma kisielemee upande mmoja. Hakuharakisha, na hakuna aliyemharakisha. Alipokaza ya nne alikitikisa kwa mikono miwili. Hakikucheza. Akaifuta plastiki kwa mkono wa shati lake la mikutano ya wazazi.

"Kaa, dada," alimwambia yule mwanamke. "Kimekaza."

Mwanamke alikitazama kiti, akaubadilisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaendelea kusimama.

Fundi akaiweka spana juu ya kaunta, mpini ukielekea kwa sajini, kisha akanyoosha mikono.